Mstari Uliopita kwenye Mfereji wa Baba

Nyumbani, 3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari bila salamu mama atanijua hata kama yuko uani. Sisi wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi, likishapigwa na jua linanyamaza. Shemeji yako ana kikohozi cha vumbi la matofali na bado anabisha kwamba si vumbi. Wapwa wako wanauliza mjomba anakuja lini, nami nimechoka kuwajibu. Msalimie sana wifi yangu. Mwambie mtoto akizaliwa nepi zake nitafua mimi, asithubutu kuzipeleka kwa dobi mwingine.

Mkwe naye yupo. Najua huko ofisini kwenu mlima una namba, lakini sisi tutaendelea kuuita Mkwe. Anatulisha kwa udongo wake, anatupa maji ya moto ya kufulia bila kuni, na kazi yetu ni kumwamkia na kutobishana naye. Wiki hii ananung'unika mchana. Sufuria zinagongana kabatini, halafu kimya. Mama anasema, "Mwacheni, anatafuta miwani yake."

Kuna jambo jingine linanitia wazimu. Sista mkuu wa hospitali ya huko mjini amerudisha mashuka kumi na mawili. Yana vitundu vidogo vidogo, kama mtu kakaa nayo na sindano. Nimewagombeza wasichana wote wawili wanaonisaidia, nimebadilisha sabuni, nimemsingizia panya. Lakini panya gani anakula shuka bichi likiwa juu ya kamba? Sielewi kabisa.

Haya, neno lenyewe sasa. Watu wa ofisi yenu walipita hapa na vigingi na kamba. Wanasema utachorwa mstari mwekundu kuuzunguka mlima, na atakayekuwa ndani yake atahama. Nikamuuliza mmoja, nyumba hii itakuwa ndani au nje? Akasema, "Mama, hilo analijua mchoraji." Nikacheka mpaka akanishangaa. Mchoraji mwenyewe nimembeba mgongoni!

Basi niambie. Ndani au nje? Mama hajauliza, ila tangu siku ile amehamishia kiti chake mlangoni.

Simu ya shule bado imekufa, kwa hiyo nampa barua Polepole, dereva wa gari la mashuka. Nawe umpe yeye.

Dada yako

*

Mjini, 24 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako. Sisi hatujambo. Wifi yako miguu imevimba, na daktari anasema ni kawaida. Nimekawia kujibu kwa sababu ya kazi. Hapana, nisikufiche, nimekawia tu.

Umeuliza kuhusu mstari. Labda nikueleze ninavyofanya kazi, maana watu hudhani mchoraji ndiye anayeamua. Wataalamu wanachora kwa penseli kwenye karatasi ya chini. Mimi naweka juu yake karatasi nyembamba inayoonyesha, halafu napitisha wino mwekundu palepale penseli ilipopita. Sibuni kitu. Nafuata tu.

Na penseli yenyewe haijatulia. Tunao wataalamu watatu. Wa kwanza anasema mlima unavimba. Wa pili anasema unashuka. Wa tatu anasema vipimo vyote viwili vina kasoro. Mkuu wetu akawasikiliza, akasema wote wako sahihi, akaenda kula. Mimi nimebaki na karatasi tatu mezani, kila moja na mstari wake.

Kuna kitu wanakiulizia sana: maji ya moto ya hapo kwetu. Yamezidi moto, yamepoa, au yamepungua? Usinijibu kwa mzaha, dada. Yakibadilika, watajua kwamba huko chini kuna njia imeziba au imefunguka. Niandikie hilo kwanza.

Na mama angekuja kukaa kwetu kidogo? Chumba ni kimoja na sebule, lakini tutabanana.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 11 Machi

Mdogo wangu,

Mama amepokea shikamoo yake. Goti vilevile. Mpwa wako mkubwa ameng'oka jino na analitembeza mtaa mzima.

Nilimsomea mama habari ya kuja kwenu. Akasema, "Nitalala wapi, kwenye droo ya kabati?" Halafu akawa mkali. Akasema mfereji ule wa maji ya moto baba yako aliuchimba kwa mikono yake, na kaburi lake liko hapa uani, na kaburi halina miguu. "Mwambie mwanangu kalamu iko mkononi mwake." Nimeandika kama alivyosema. Usiniulize alikuwa na maana gani, mimi nimetumwa.

Maji yapo, moto kama kawaida. Ndivyo nilivyomwambia na mtu wenu wa kupima aliyekuja Jumanne. Hata mferejini hakufika wala kipimajoto hakukitoa mfukoni, alikuwa na haraka na chai.

Shemeji yako anakusalimu. Mgongo unamuuma kwa kupasua kuni, tangu mwezi uliopita hana raha.

Mashuka bado yanatoboka. Sista mkuu ameniuliza kama nayafulia juu ya miiba. Nimemjibu vibaya, halafu nimejuta.

Hujanijibu. Uliandika karatasi mbili nzima kuhusu karatasi. Ndani au nje?

Dada yako

*

Mjini, 2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na mama shikamoo. Sisi wazima.

Ramani imetoka leo. Mstari umepita kwenye mfereji wa baba. Walio juu ya mfereji wako ndani na watahama. Nyumba yetu iko nje.

Kumbe wataalamu walikubaliana mwishoni. Nimewaambia mliyosema, kwamba maji hayajabadilika, na hilo liliwatuliza sana.

Hata hivyo, mama angekuja tu kutembea. Wiki mbili, tatu. Naye na watoto. Wewe pia, kama mashuka yatakuruhusu. Kutembea tu.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 19 Aprili

Mchoraji wetu!

Ungeona siku ramani ilipobandikwa kwenye mlango wa shule! Watu walisukumana mpaka mwalimu akapiga kengele. Mama alipanda ngazi za shule kwa goti lile lile, akaweka kidole juu ya mfereji wa baba, akakizuia pale. Akasema, "Mwanangu amepima." Wiki nzima ameisema kwa kila aliyepita, hata aliyekuja kuuza mkaa.

Sasa sikiliza. Wale majirani sita wa juu ya mfereji wamehama kama walivyoambiwa. Wamehamia wapi? Kwetu! Nyumba ya kwanza nje ya mstari ni hii, na banda la kufulia ni kubwa. Tuko thelathini na wanne. Fundi viatu na mkewe wako chini ya meza ya kupigia pasi. Watoto wamepanga mikeka kati ya mapipa. Mama anagawa uji kama yuko kambini, na goti halimuumi siku hizi. Nilimuuliza fundi viatu kwa nini hawakwenda mbali zaidi, akanishangaa: "Kwenda wapi tena? Si ndugu yako mwenyewe kasema hapa ni salama?"

Nilijisikia kichwa kikubwa, nisiseme uongo.

Mkwe ametulia pia, hata sufuria hazigongani. Watu wanasema amepoa. Wengine wanasema kimya chake hawakipendi. Mimi sijui. Asubuhi nasema hivi, jioni nasema vile. Kwenye kibonde chetu hiki kuna asubuhi nyingine naamka na kichwa kizito kama nimekunywa, halafu nikipanda mpaka shuleni kinapona.

Mama haji. Anasema atawaacha vipi wageni wote hawa.

Dada yako

*

Mjini, 26 Aprili

Dada,

Sina salamu. Samahani.

Mstari wa penseli haukupita kwenye mfereji. Ulipita nyuma yenu, chini ya ngazi za shule. Nyumba yetu ilikuwa ndani.

Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Siku ya tatu Mkuu akaingia akasema iende kwa mchapaji saa nane mchana. Nilianzia upande wa mashariki, nikafuata vizuri, mkono umetulia. Nilipofika kwetu mkono ukapanda. Nusu ya ukucha wa kidole cha mwisho, dada. Kwenye karatasi huwezi kuiona. Huko kwenu ni kutoka ngazi za shule mpaka mferejini. Baada ya hapo nikarudi kwenye penseli na kuendelea. Hakuna aliyekagua, kwa sababu wao wanaangalia mlima, hawaangalii pembeni.

Nilimsikia mama akisema kalamu iko mkononi mwangu. Nikadhani naokoa nyumba moja. Nikasema moyoni, mlima ukianza kuchemka kweli nitawaita wawili watatu, watoke kimyakimya. Sikufikiria hata kidogo kwamba watu watakimbilia humo.

Tokeni wote. Pandeni shuleni au mbali zaidi, leo, mkishasoma hii. Ningepanda gari nije mwenyewe. Nilifika mpaka mlangoni mwa gari, nikarudi. Siwezi kumwambia mama haya nikiwa namtazama.

Polepole anaumwa. Barua nimempa dereva mwingine, kijana mwenye kofia.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 4 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako imefuliwa.

Usicheke. Huyo dereva mpya aliona aiweke mahali isipotee, akaichomeka ndani ya foronya. Msichana wangu akamwaga foronya zote kwenye pipa linalochemka. Tumeitoa kama donge la uji. Nimeianika, nimeifungua kwa kisu cha mkate, wino wote umekwenda. Yamebaki maneno mawili: "samahani" na "mama". Tumekaa nalo kundi zima tukibahatisha. Fundi viatu anasema umepata safari ya ng'ambo. Shemeji yako anasema umegombana na wifi. Mama alilichukua donge, akaliweka mapajani. Samahani ya nini?

Labda nikianza mimi nawe utasema vizuri. Maji yamekauka. Si jana, ni tangu mwanzoni mwa Februari. Siku moja yalikuwa vuguvugu, wiki iliyofuata mfereji mtupu, mawe yameota ukungu. Nachota kisimani na kuchemsha kwa kuni, ndiyo maana shemeji yako mgongo umekwisha. Niliogopa kusema. Hospitali inatuletea mashuka kutoka mbali kote huko kwa ajili ya maji ya Mkwe, siyo kwa ajili ya uzuri wangu. Wakijua ni maji ya kisima kama ya kila mtu, mashuka yatakwenda kwingine na sisi tutakula nini? Nikasema yakirudi nitakuwa sijasema uongo. Hayajarudi.

Haya, nimesema. Zamu yako.

Dada yako

*

Mjini, 9 Mei

DADA. NAANDIKA KWA PENSELI. PENSELI HAIFULIKI.

NYUMBA YETU IKO NDANI YA MSTARI. NILIUSOGEZA MIMI KWA MKONO WANGU, KWA AJILI YA MAMA. NILIDANGANYA. WASOMEE WOTE, NA MAMA AWEPO.

TOKENI LEO. PANDENI SHULENI. MSIBEBE VITU.

Nimewaonyesha wataalamu barua yako ya maji. Safari hii wote watatu wamekubaliana papo hapo, na nyuso zao sijazipenda. Wifi yako yuko wodini tangu jana, siwezi kumwacha. Polepole amepona. Nimempa barua hii mkononi, na nimemwambia akupe mkononi, na nimemshika mkono mpaka akaniuliza kama nina homa.

*

Mjini, 15 Mei

Dada yangu,

Mtoto amezaliwa tarehe kumi, wa kike, mzima na mama yake mzima. Naandika hilo kwanza kwa sababu sijui nianze na nini kingine.

Barabara imefungwa, Polepole hajarudi, na hakuna anayeniambia kitu. Mlima ulipasuka tarehe kumi na mbili. Leo ofisini wameleta picha zilizopigwa kutoka angani. Tope la moto limeshuka upande wetu wote, na limesimama kwenye mfereji wa baba. Limesimama hapohapo, dada! Kana kwamba limeusoma mstari wangu. Nyumba imesimama, banda limesimama.

Wananipongeza. Mtaalamu wa kwanza amenipiga mgongoni, akasema hata yeye penseli yake ilikuwa imevuka mno, bora nilivyoirekebisha. Kumbe alijua? Au anatania? Nilimwambia ukweli Mkuu mwenyewe, mlango umefungwa. Akaniambia nikapumzike, mtu akipata mtoto husema mengi.

Nimeiangalia picha kwa kioo cha kukuzia tangu asubuhi. Mashuka yako bado yako kwenye kamba. Nimezihesabu safu zake. Wewe huachi mashuka nje hata kwa wingu moja. Ina maana mlitoka mbio? Au ina maana hakuna wa kuyaanua?

Niandikie neno moja. Hata tusi.

Mdogo wako

*

Shuleni, 28 Mei

Mdogo wangu,

Wote wazima, thelathini na wanne. Soma tena mstari huu kabla hujaendelea, mimi nakusubiri.

Mama amefurahi kupata mjukuu. Goti limevimba. Sisi watu wa kibondeni tunalala darasa la tatu, shemeji yako anakohoa chini ya ubao wa hesabu.

Polepole alinipa barua mkononi kama ulivyomwagiza. Nilisimama juu ya jiwe la kufulia mchana ule nikaisoma yote, nawe usifikiri niliruka neno. Sijawahi kuona aibu vile. Kisha nikawaambia na yangu, kwamba niliwaficha wataalamu maji yalivyokauka. Watu wakachanganyikiwa kabisa. Fundi viatu akauliza, "Kwa hiyo ramani ndiyo uongo na barua ndiyo kweli, au barua ndiyo uongo?" Mwingine akasema Mkwe ametulia, kutoka sasa ni kumkosea adabu. Mwingine akasema ninyi familia nzima ni waongo, kwa nini tuwaamini leo?

Mama akainuka. Alikwenda kusimama kidogo penye kaburi la baba, akabeba kiti chake, akaanza kuzipanda ngazi za shule, moja, anapumzika, nyingine, anapumzika. Tukamwangalia mpaka ngazi ya tano. Halafu mke wa fundi viatu akamchukua mtoto wake na kumfuata, na baada ya hapo hakuna aliyebisha. Mashuka yangu nikayaacha.

Mkwe alisema kwa siku mbili. Alipotulia tukachungulia chini, tukaona tope limekoma mferejini na nyumba imesimama. Ndugu yangu, watu walinigeukia! Wiki ile nilitukanwa kwa barua yako ya kweli kuliko kwa ramani yako ya uongo. Tunalala darasani kwa nini, wakati nyumba ipo nje ya mstari, salama kama ulivyochora mwanzo? Hata mimi nikaanza kukulaani. Nikasema kwa nini hukunyamaza.

Siku ya tatu shemeji yako na fundi viatu wakashuka kuwalisha kuku wa mama. Walirudi wakishikana mikono kama watoto, wametapika. Kuku wote kumi na mmoja wamekufa. Hakuna jeraha, hakuna majivu juu yao. Wamejipanga kibandani mwao vichwa vimelala, na mmoja ana yai chini yake. Paka wa jirani kajikunja kwenye mkeka wa fundi viatu, palepale alipokuwa akilala yeye. Baadaye watu wenu walikuja na vipimo, wakasema ni hewa nzito inayotoka ardhini. Haionekani. Inatambaa chini na kujaa kwenye vibonde, na imekuwa ikitoka kidogo kidogo tangu Januari. Ndiyo iliyokuwa inanitia kichwa kizito. Ndiyo iliyokuwa inatoboa mashuka, ikichanganyika na umande na kuwa kama tindikali. Na mimi nimewagombeza wasichana wa watu.

Tungekuwa thelathini na wanne, tumejipanga vilevile.

Sasa sijui nikwambie nini. Nina hasira nawe mpaka meno yananiuma. Kisha nakumbuka nani alisema maji ni moto kama kawaida, hasira inakosa pa kukaa. Tope lilifuata mstari wako wa uongo, hewa ikafuata penseli. Fundi viatu bado anauliza ipi ilikuwa kweli. Nyumba tunaiona kutoka dirishani. Kaburi la baba lipo, na hakuna anayeweza kwenda kulisalimia.

Mama hataki uache kazi. Nilimuuliza mara mbili. Anasema aliyekutuma ni yeye na alaumiwe yeye. Ila Polepole anakuletea kifurushi, usikitupe ukidhani ni takataka. Ni shuka moja la hospitali, lile watu wenu wa vipimo walilotutolea kwenye kamba ya mwisho karibu na nyumba. Limekuwa kama chujio. Mama anataka ulitandike mezani kwako, chini ya karatasi, kila unapochora.

Nikamwambia, lakini mama, kalamu yake itatumbukia kwenye matundu.

Akasema, "Ndiyo."

Dada yako